Shajara ya mradi: nyimbo sita za Black Sabbath, gitaa moja

3 Agosti 2025. Mpango

Tarehe 5 Julai, katika uwanja wa Villa Park mjini Birmingham, wale wanne wa mwanzo wa bendi ya roki nzito ya Black Sabbath walipanda jukwaani pamoja kwa mara ya mwisho: Tony Iommi na gitaa, Geezer Butler na besi, Bill Ward nyuma ya ngoma, na Ozzy Osbourne akiimba ameketi. Walipiga nyimbo nne: War Pigs, N.I.B., Iron Man na Paranoid. Siku kumi na saba baadaye Ozzy akafariki.

Bendi hii nimeisikiliza tangu utotoni, na sijawahi kupiga hata wimbo wao mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Najua vipande tu. Sasa nataka nyimbo nzima. Nitachukua zile nne za usiku ule, kisha nitaongeza mbili ninazozipenda kuliko zote: Children of the Grave, na ule unaobeba jina la bendi yenyewe.

Kipimo nimejiwekea hiki: wimbo umekwisha nikiupiga mara tatu mfululizo sambamba na rekodi bila kusimama, na ya tatu niwe nimeirekodi kwa simu na kuisikiliza siku ya pili, sikio likiwa limepoa.

Nilipo sasa: ni miaka minne tangu nishike gitaa, mengi yakiwa ya kusindikiza waimbaji kwa kodi za wazi, yaani noti kadhaa zinazopigwa pamoja, baadhi kwa nyuzi zisizobonyezwa. Solo, pale gitaa linapoongoza badala ya mwimbaji, sijawahi kupiga. Vifaa ni gitaa la umeme la kawaida lenye pikapu mbili (sumaku zinazonasa sauti ya nyuzi), amplifaya ndogo ya wati 15, metronomu ya kuhesabia mapigo, na programu ya kupunguza mwendo wa rekodi bila kushusha noti. Nyuzi ni seti ya 10-46. Namba hizo ni unene kwa elfu za inchi: uzi mwembamba kabisa una 10, mnene kabisa una 46.

Gharama nitaandika kwa saa na kwa nyuzi. Hizo ndizo atakazolipa yeyote atakayefuata njia hii.

24 Agosti 2025. Paranoid, bila solo

Nilianza na huu kwa kuwa ni mfupi. Hata wenyewe waliutunga haraka mwishoni mwa kurekodi albamu ya pili, mwaka 1970, kujaza nafasi iliyobaki. Ubeti wake ni E, D, G, kurudi D na E, kila moja ikiwa noti mbili tu, noti ya msingi na ya tano yake. Vidole vya kushoto vilizijua kodi hizo kwa siku mbili.

Mkono wa kulia ndio uliochukua wiki tatu. Rekodi inakwenda takriban mapigo 160 kwa dakika, na nyuzi zinapigwa huku kiganja kikiwa kimezigusa karibu na briji (kile kishikio cha nyuzi kwenye mwili wa gitaa) ili zisivume. Nilianza kwenye 90 nikawa naongeza kumi kila siku. Nilipofika 130 mkono ukakakamaa. Nikalazimisha hadi 140, na nilichopata ni kiwiko kinachochoma na mdundo unaokwenda pembeni kama gari lenye tairi bovu.

Niliyoyabadilisha, kwa mpangilio wa umuhimu wake: kwanza nilishika piki, kile kijiplastiki cha kupigia nyuzi, karibu zaidi na ncha, ikabaki milimita tatu hivi nje ya vidole. Kabla ya hapo ilikuwa inachungulia karibu nusu, kwa hiyo kila pigo lilikuwa linazama ndani ya nyuzi na kuhitaji nguvu ya kulitoa. Pili, niliacha kuongeza kumi. Naongeza nne, nikikosea narudi nane. Tatu, nilijirekodi video ya mkono peke yake na kuona kuwa ulikuwa unapaa sentimita kadhaa baada ya kila kodi bila sababu.

Kosa jingine lilijificha muda mrefu. Mwanzo wa wimbo, pale juu kwenye freti (kichuma kinachokatisha shingo) ya 12, kidole cha tatu kinagonga freti ya 14 bila piki, na sauti itoke kwa kule kugonga tu. Nilidhani nimelimudu. Kisha jirani akaomba nipunguze sauti, nikashusha na gaini (kinobu cha mkwaruzo) pia, na zile noti za kugonga zikapotea kabisa. Hazikuwahi kuwepo. Mkwaruzo wa amplifaya ndio uliokuwa unazinyanyua.

Tangu siku hiyo nafanya mazoezi gaini ikiwa sifuri kwa dakika ishirini za kwanza. Inauma kusikiliza, lakini inasema kweli.

Hadi leo: saa 19, nyuzi bado zilezile.

14 Septemba 2025. Solo ya Paranoid, kwa sikio moja

Hapa nilipoteza siku sita bila faida. Kila nilipopunguza mwendo ili nizisikie noti, zilikuwa zinatoka na kivuli cha kelele ambacho hakikufanana na gitaa. Niliandika kwenye karatasi noti ambazo hazikukubaliana na kodi zilizo chini yake, nikazipiga hivyohivyo, nikajiambia kuwa labda huo ndio mtindo.

Siri ilikuwa kwenye rekodi yenyewe. Solo hii upande mmoja wa spika ni gitaa kavu, na upande wa pili ni gitaa hilohilo lililopitishwa kwenye kifaa kinachozichanganya noti na masafa mengine, na kutoa mlio wa chuma. Nikiwa na spika moja ya simu, pande hizo zilikuwa zinaingiliana. Nilivaa spika za masikioni, nikazima upande wenye kelele, na solo ikawa wazi kama maji. Ni skeli ya pentatoniki ya E, ile ya noti tano, basi. Karatasi yangu yote nilichana.

Ushauri kwa anayefuata: kabla hujaandika noti hata moja ya rekodi za miaka ile, sikiliza kila upande peke yake. Mafundi wa wakati huo walipenda kutenganisha vyombo kushoto na kulia, na mara nyingi utakuta gitaa unalolitafuta limekaa peke yake kabisa.

Uzi wa kwanza ulikatika nikivuta kwenye freti ya 15. Nimeweka mmoja, nikabakiza mingine.

Wimbo umekwisha. Saa 33.

5 Oktoba 2025. Iron Man

Rifu hii, yaani kipande cha gitaa kinachojirudia, watu huiimba kwa mdomo kabla hawajajua hata jina la wimbo. B, D, D, E, E, kisha ule mtelezo wa G na F# unaorudiwa, halafu D, D, E, E. Kuna njia mbili za kuipiga: kuanzia freti ya 7 ya uzi wa sita, au kuanzia freti ya 2 ya uzi wa tano. Noti ni zilezile. Nilijaribu kotekote wiki nzima. Kwenye uzi wa sita sauti ni nene na ina giza, ila mtelezo unaangukia freti za 15 na 14, mahali ambapo mkono wangu unabanwa na mwili wa gitaa. Kwenye uzi wa tano mtelezo ni rahisi lakini uzito unapungua. Nimechagua uzi wa sita nikikubali kuteseka.

Kosa la mtelezo: nilikuwa napiga piki kwa kila noti. Ilitoka kama mashine. Nilipopiga ya kwanza tu na kuacha vidole vitelezeshe zilizobaki bila kunyanyuka, rifu ilianza kutembea. Sharti vidole visilegee njiani, la sivyo sauti inakufa katikati.

Kosa la pili lilikuwa la chombo. Mwanzoni kabisa, kabla ya rifu, uzi wa sita ulio wazi unavutwa mpaka unalia. Nilifanya kwa kubonyeza uzi huo nyuma ya kile kipande chenye mifereji mwishoni mwa shingo, upande wa vichwa vya kukazia. Mlio ukatoka vizuri. Lakini baada ya hapo gitaa lote lilikuwa nje ya noti zake, na wimbo mzima ukaharibika. Nililaumu vichwa vya kukazia, nikavikaza skrubu zote, na hali ikabaki ileile.

Tatizo ni kwamba uzi ulikuwa unang'ang'ania kwenye mfereji wake. Ukivutwa unapita, ukiachwa haurudi mahali pake. Dawa yake ni unga wa penseli laini: legeza uzi, utoe kwenye mfereji, sugua ncha ya penseli ndani, rudisha. Dakika tano. Sasa nikivuta mara kumi, tyuna, kifaa cha kupimia noti, inaniambia uko palepale.

Saa 46.

19 Oktoba 2025. Mkono umegoma

Sikugusa gitaa kwa siku tisa. Kifundo cha mkono wa kushoto kilianza kuuma upande wa kidole gumba, kwanza nikimaliza mazoezi, baadaye hata nikishika kikombe.

Naliandika hili kwa urefu kwa sababu nusura mradi uishie hapa. Nilikuwa napiga nimekaa, gitaa juu ya paja la kulia, na ili nifikie freti ya 15 nilikuwa nakunja kifundo karibu pembe mraba. Juu ya hapo nilikuwa nabana shingo kwa gumba kana kwamba gitaa litadondoka. Hivyo kila siku, wiki mbili.

Maumivu yalipokwisha nilifunga mkanda hata nikiwa nimekaa, nikainua gitaa kwa kiasi cha kiganja kimoja, na nikahamishia mwili wake paja la kushoto ili shingo ielekee juu. Kifundo kikanyooka. Kisha nikafanya jaribio: nikaondoa gumba kabisa na kujaribu kupiga rifu kwa vidole vinne tu. Rifu ilitoka. Maana yake nguvu yote ile ya gumba haikuwa na kazi.

Katika siku hizo tisa nilisoma na kufikiri sana kuhusu vidole vya Iommi. Anapiga kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo vidole vinavyobonyeza nyuzi ni vya kulia. Akiwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kazini katika kiwanda cha mabati, mashine ilimkata ncha za kidole cha kati na cha pete. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea rekodi ya Django Reinhardt, aliyepiga gitaa kwa vidole viwili baada ya mkono wake kuungua, akamsikilizisha. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki, akatengeneza kofia za vidole, akazifunika kwa ngozi. Nyuzi za kawaida zilikuwa ngumu mno kwake, akatafuta nyembamba, zikiwemo za banjo.

Sikuwa nimelielewa hilo kwa mwili wangu kabla ya juma hili. Mtu huyu kila kodi aliyoipiga aliifikia kwa vidole viwili visivyohisi uzi. Kodi zake za noti mbili, nyuzi nyepesi, rifu zinazotembea polepole: zote ni njia alizozipata za kumwezesha kupiga.

9 Novemba 2025. War Pigs

Nilitarajia wiki mbili, ilikuwa tatu na nusu.

Sehemu ngumu ndiyo ambayo ukiitazama kwenye karatasi haina kitu. Katika ubeti, gitaa linapiga D na E, pah-pah, halafu linanyamaza. Ozzy anaimba mstari mzima na ngoma ya Bill Ward inahesabu kwa sahani peke yake. Kisha pah-pah tena. Kazi ya mpiga gitaa kwa sehemu kubwa ya ubeti ni kukaa kimya.

Rekodi yangu ya kwanza ilikuwa na kila kitu isipokuwa kimya. Amplifaya ilikuwa inazomea, nyuzi zilizo wazi zikivuma zenyewe, na katikati ya maneno kukawa na mlio mwembamba uliokua polepole mpaka ukawa filimbi. Nilishusha kinobu cha sauti cha gitaa kila baada ya pah-pah, nikawa nachelewa kukipandisha. Nilijaribu kukanyaga kifaa cha kukata sauti, nikachelewa vilevile.

Kilichofanya kazi ni mikono yenyewe. Mara tu E ya pili inapokwisha, vidole vya kushoto vinalegea bila kuachana na nyuzi, na ubavu wa kiganja cha kulia unalala juu ya nyuzi zote sita. Vyote viwili kwa pamoja. Mkono mmoja pekee hautoshi, kwani ukilegeza kushoto tu, nyuzi za chini zinaendelea kulia. Nilifanya mazoezi ya kunyamaza kwa dakika kumi kila siku, kodi mbili na kimya, kodi mbili na kimya. Sijawahi kufanya zoezi la namna hiyo maishani, wala hakuna aliyewahi kuniambia kuwa kimya kinafanyiwa mazoezi.

Na gaini nimeishusha tena. Nilianza mradi kinobu kikiwa kwenye 9. Sasa kiko kwenye 5, na bado najiuliza kama si nyingi.

Utangulizi pia ulinisumbua kidogo. Unahesabika kwa tatutatu, unayumba kama mtu anayebeba mzigo, kisha wimbo unaingia kwenye nne. Nilikuwa naingia na ile hali ya kuyumba hadi ndani ya ubeti. Nilipotembea chumbani nikihesabu kwa miguu, ikakaa.

Saa 71. Nyuzi: seti mpya ya kwanza, 10-46.

30 Novemba 2025. N.I.B.

Siku kumi na nne tu. Gitaa na besi zinapiga rifu moja, kwa hiyo nilimwomba rafiki yangu mwenye besi aje tupige wote. Tulipomaliza mara ya kwanza akaniuliza, "Kaka, hiyo besi umeiweka ngapi kwenye amplifaya yako?" Kinobu cha sauti za chini kilikuwa kwenye 8. Akasema, "Sasa mimi nimekuja kufanya nini?"

Alikuwa na haki. Tulipokuwa wawili, sauti zetu ziligombania mahali pamoja na rifu ikawa uji. Nilishusha besi hadi 3, nikapandisha ya kati na ya juu kidogo. Nikiwa peke yangu gitaa linasikika jembamba hadi linakera. Tukiwa wawili, ghafla chumba kilijaa. Iommi naye, enzi hizo, mbele ya amplifaya zake za Laney aliweka kifaa cha kuongeza sauti za juu. Uzito unaousikia kwenye albamu zile ni wake na wa Butler kwa pamoja, na mimi nilikuwa najaribu kuubeba peke yangu.

28 Desemba 2025. Kushuka hadi C#

Hii ndiyo sehemu ambayo naomba anayefuata aisome mara mbili.

Wengi huamini Sabbath walishusha nyuzi tangu mwanzo. Nami niliamini hivyo. Nyimbo zote tano za albamu mbili za kwanza zilizo kwenye orodha yangu ziko kwenye tyuni ya kawaida, E. Kushusha kunaanzia albamu ya tatu, Master of Reality, ya mwaka 1971, na hata humo si kila wimbo. Children of the Grave ni mmojawapo: nusu toni tatu (sawa na freti tatu) chini, E inakuwa C#. Iommi alifanya hivyo kupunguza mkazo wa nyuzi kwenye vidole vyake.

Nilishusha seti yangu ya 10-46 kama ilivyo. Matokeo: uzi wa sita ulikuwa unapiga freti zote kama mnyororo. Nikikaza kiganja kwenye briji, noti inapanda. Nikibonyeza kodi kwa nguvu ya kawaida, kodi iko nje, nikibonyeza zaidi iko nje zaidi.

Hesabu yake nilikuja kuifanya baadaye, na ningeifanya kwanza. Noti ya E ya chini ni mitetemo 82.4 kwa sekunde, C# ni 69.3. Mkazo wa uzi unafuata mraba wa uwiano huo, kwa hiyo uzi uleule ukishushwa nusu toni tatu unapoteza takriban asilimia 29 ya mkazo wake. Na shingo ya gitaa, iliyozoea kuvutwa na nyuzi sita zilizokaza, inarudi nyuma, nyuzi zinakaribia freti, kila kitu kinakwaruza.

Kurudisha mkazo kamili kungehitaji nyuzi nene kwa asilimia 19, yaani kama 12-55. Nilichagua 11-54, nikijua kuwa zitabaki legevu kidogo. Nikaziweka usiku, na uzi wa 54 haukuingia kwenye mfereji wake. Uliketi juu ya kingo. Nikaukandamiza kwa kidole gumba hadi ukaingia, nikajipongeza. Asubuhi ulikuwa umenasa. Nikikaza kichwa, hakuna kinachotokea, hakuna, halafu *ting*, unaruka robo toni.

Nimesimama hapo. Gitaa limekwenda kwa fundi.

18 Januari 2026. Gitaa limerudi

Fundi amepanua mfereji wa uzi wa sita na wa tano kwa faili nyembamba, amelegeza chuma cha shingo (kile cha ndani kinachoinyoosha) robo mzunguko, na amesogeza vitegemeo vya nyuzi nyuma kwenye briji. Hilo la mwisho ningeweza kulifanya mwenyewe: unapiga uzi kwenye freti ya 12 ukibonyeza, unalinganisha na noti ya juu ya uzi uleule ukiwa umeguswa tu hapo kwenye 12. Iliyobonyezwa ikiwa juu, kitegemeo kirudi nyuma.

Kilichobaki ni cha mkono wangu. Nyuzi hata sasa ni legevu kuliko za E, na nguvu niliyozoea inazipandisha. Zoezi lililonisaidia: weka kidole juu ya freti bila kubonyeza, piga, uzi utasema *tuk*. Ongeza nguvu kidogo sana mpaka noti itokee. Hapo ndipo pa kukomea. Nilishangaa ni padogo kiasi gani. Nadhani nimekuwa nikibonyeza mara mbili ya inavyohitajika kwa miaka minne.

Saa 94, bila kuhesabu wiki tatu bila gitaa.

22 Februari 2026. Children of the Grave

Umekwisha jana usiku. Wimbo unakwenda mbio za farasi, pigo moja refu na mawili mafupi, kiganja kikiwa kwenye briji. Nilichojifunza kwenye Paranoid kuhusu piki kilinibeba hapa. Jambo jipya ni moja tu: kwenye nyuzi legevu kiganja kikae nyuma kabisa, nusu yake juu ya chuma cha briji. Ukisogea sentimita moja mbele unaukandamiza uzi na noti inapanda.

Gaini ilikuwa 5. Kwenye C# hiyo 5 ilikuwa tope, mapigo mafupi hayatengani. Imekuwa 4.

Saa 118.

29 Machi 2026. Black Sabbath

Kwanza, kosa la mpangilio, ili lisirudiwe na mtu. Wimbo huu uko kwenye E, nami niliupanga baada ya ule wa C#. Ningemaliza zote za E kwanza. Nilipotoa nyuzi za 11-54 na kurudisha 10-46, uzi wa 46 ulikuwa unacheza ndani ya mfereji uliopanuliwa, na ukiwa wazi unatoa mlio wa nyuki. Sikutaka kubadilisha kipande kizima. Niliweka seti ya 10-52: juu nyembamba, chini nene, uzi wa sita ukakaa. Chuma cha shingo nikakirudisha robo mzunguko mwenyewe, kidogokidogo, kwa siku mbili.

Sasa wimbo. Rifu ina noti tatu. G ya chini, G ya juu yake, kisha C#, ambayo inatikiswa na kuachwa ife. Kati ya G na C# kuna toni tatu kamili, umbali ambao sikio halitulii juu yake. Noti hizo nilizijua kwa dakika moja.

Nikapiga na rekodi. Mwisho wa ubeti wa kwanza nilikuwa mbele yake karibu pigo zima. Nikapiga tena, mbele tena. Wiki nzima nilikimbia, mimi niliyelalamikia mapigo 160 ya Paranoid. Kwenye mwendo wa kasi metronomu inakushika mkono, lakini hapa kati ya pigo na pigo kuna shimo, na mkono wangu ulikuwa unaruka kabla ya kulifikia la pili.

Nilijaribu kuhesabu moyoni, nikawa nahesabu haraka. Nilijaribu kugonga mguu, mguu ukakimbia pamoja na mkono. Kilichonisaidia ni kuweka metronomu ilie mara nne ndani ya kila pigo, nikapiga hivyo siku tatu, kisha mara mbili, kisha mara moja, na mwishoni ilie kwenye pigo la kwanza tu la kila kundi la mapigo manne. Hapo kukosea kwako unakusikia waziwazi.

Kisha ile C#. Kwenye rekodi zangu za mwanzo ilikuwa inatikiswa kwa wasiwasi, haraka haraka, na kufa mapema. Nilikuwa naitikisa kwa kidole peke yake. Nikahamishia mzunguko kwenye kifundo, taratibu, kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango. Noti ikaongezeka urefu maradufu bila kuongeza gaini. Gaini yenyewe iko kwenye 3 sasa. Kwa noti tatu, mkwaruzo mwingi hauna cha kuficha, unafunika tu ule mlio wa uzi unaozimika, na mlio huo ndio wimbo.

Waliirekodi albamu yenye wimbo huu, ya kwanza yao, kwa siku moja, tarehe 16 Oktoba 1969. Iommi alianza na gitaa jingine, pikapu yake ikaharibika, akachukua Gibson SG aliyokuwa nayo ya akiba na kumalizia nayo. Mimi noti zake tatu zimenichukua mwezi mzima.

Rafiki mwenye besi alikuja Ijumaa. Tulipiga sehemu ya polepole mara tatu mfululizo, na ya tatu tumeirekodi. Nimeisikiliza asubuhi. Ubeti wa pili nimewahi kidogo kwenye G ya juu, sehemu moja tu. C# zote zimekufa zenyewe.

Sehemu ya kasi ya mwisho, pale wimbo unapogeuka na kukimbia pamoja na solo yake, bado. Naiona kama wiki tano. Hadi leo: saa 141, seti tatu mpya za nyuzi, nyuzi mbili za mojamoja, safari moja kwa fundi. Ijumaa ijayo tunaanza saa ile ile, na rafiki yangu ameomba gaini nishushe hadi 2 tujaribu.